Kuunganisha moduli angani: kazi iko kwenye mpira wa kuziba

Kwenye gare ya Lubumbashi mabehewa huunganishwa kwa kugonganishwa. Kichwa cha treni kinasukuma, chuma kinalia, kulabu inaingia, basi. Nafasi ya vidole viwili ikibaki katikati, shaba itafika tu. Moduli, yaani vyumba vinavyounganishwa kuwa chombo kimoja cha anga, hazisamehewi hivyo, maana watu watapita pale kwenye kiungo wakiwa na mashati tu.

Piga hesabu. Njia ya kupita, kwa kipimo cha kimataifa, ina upana wa milimita 800, yaani eneo la nusu mita ya mraba. Ijaze hewa ya kawaida, kilopaskali 101: inasukuma moduli ziachane kwa nguvu sawa na uzito wa tani 5, usiku na mchana. Na mpira wa kuziba umezunguka nje ya tundu hilo, kwa hiyo mzigo halisi ni zaidi. Ndiyo sababu pete ya kiungo ina kulabu 12.

Kugusana kwenyewe ni kwa upole: sentimita 5 hadi 10 kwa sekunde, kukosea pembeni kusizidi sentimita 10, kupinda kusizidi digrii 4. Pete ya kunasa hutangulia mbele, inanasa, inatuliza mtikisiko, kisha inarudishwa taratibu ndipo kulabu zivute. Zikivuta kabla vyombo havijatulia, mpira unabanwa upande mmoja na upande wa pili unabaki wazi.

Uchafu ni adui mkubwa kuliko mwendo. Fundi yeyote wa magari hapa, kiangazi vumbi jekundu likiwa kila mahali, anapangusa midomo yote miwili ya kiungo kabla ya kukaza bolti. Aprili 1987 moduli ya Kvant ilinaswa na Mir, kituo cha anga cha Kisovieti, lakini ikagoma kukazika. Wanaanga Romanenko na Laveikin walitoka nje, wakakuta mfuko umekwama kwenye kiungo. Walipoutoa, kulabu zikafunga. Mfuko tu!

Kulabu zikishafunga, mlango bado haufunguliwi. Hewa huingizwa kati ya milango miwili, kisha presha inasubiriwa. Hapa wengi hudanganyika: hewa hiyo ikipoa kutoka digrii 20 hadi 17, presha inashuka karibu asilimia 1 bila tundu lolote. Asiyesoma joto pamoja na presha atatafuta uvujaji usiokuwepo, au, vibaya zaidi, chuma kikipata jua, joto litamficha uvujaji wa kweli.

Halafu kuna programu. Vyombo viwili vikiwa kimoja, uzito na kitovu chake vimehama, na kompyuta moja tu ndiyo iongoze. Julai 2021, saa chache baada ya moduli ya Kirusi Nauka kujiunga na kituo cha anga cha kimataifa, injini zake zilijiwasha bila kuombwa. Kituo kikazunguka karibu digrii 540 kabla hakijatulizwa.

Karibu na Dunia, mpira mbovu una dawa: wafanyakazi wanafunga mlango, wanapanda chombo chao, wanarudi nyumbani. Njiani kwenda Mars hakuna kurudi nyumbani ndani ya siku mbili, na injini kuu ikiwaka inasukuma msafara mzima kupitia viungo hivyo hivyo. Mimi ningeunganisha moduli zote zikiwa tupu, nizijaze hewa, niwashe injini kidogo, kisha nihesabu hewa iliyopotea kwa wiki kadhaa. Watu wangepanda baadaye.