Wanakunywa tu

Jumapili, saa tano usiku

Nyumba nzima imelala isipokuwa mimi. Nina maneno mawili yaliyosemwa Jumanne mchana, na kila nikifumba macho yanaanza upya.

Habari nyingine za wiki ni njema. Mama mkwe ametolewa mtoto wa jicho salama, baba watoto amehamishiwa zamu ya usiku, na mdogo wangu hatimaye ameitwa kazini. Nitayaandika siku nyingine. Leo nahitaji kuandika habari ya maji ya kuku.

Jumanne ilikuwa siku ya nne ya joto lile. Saa saba mchana nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, bati la banda likitoa ile milio yake ya kutanuka. Mama mkwe akatoka, jicho moja limefunikwa, mkono mmoja ukutani. Daktari alimkataza kuinama, kwa hiyo alipofika kwenye ile ndoo ya bluu alipiga magoti polepole, mgongo umenyooka, akatumbukiza vidole viwili majini.

"Mwanangu, maji haya yamekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mama. Wanakunywa tu."

Akakaa kimya. Akakung'uta vidole.

"Wanakunywa tu," akasema.

Basi. Nilimsaidia kuinuka, nikamnawisha mikono kwa sabuni asije akajishika jicho, akarudi ndani kulala. Hakuna kingine kilichosemwa.

Tangu hapo nimeyasikia maneno yale nikiosha vyombo, nikienda kazini, hata katikati ya kikao cha Alhamisi ambacho nilipaswa kuwa nasikiliza. Alikuwa anauliza? Alikuwa anakubaliana nami? Alikuwa ananirudishia maneno yangu niyasikie yalivyo? Ile "tu" aliivuta kidogo. Mimi sikuivuta. Mimi niliitupa tu kama mtu anayefunga mlango na miguu yake iko njiani tayari. Nimejaribu kuisema kwa namna zote jikoni nikiwa peke yangu, na kila namna inakuja na maana yake.

Alipokwisha ingia ndani nilikwenda kutumbukiza mkono mwenyewe. Yalikuwa maji ya kuogea. Ndoo niliiweka saa kumi na mbili asubuhi penye kivuli cha ukuta, nikaondoka nikijua iko kivulini. Kivuli kilihama, ndoo ikabaki. Miaka mitatu nafuga kuku na sijawahi kukaa pale saa saba nikaangalia kivuli kiko wapi.

Na hawakuwa wanakunywa. Hilo ndilo linaloniuma hasa. Walikuwa wamesimama mbali na ndoo, midomo wazi, mbawa zimeachana na mwili. Nguo nzima nilianika huku nikiwaona hivyo, nikadhani wamepumzika. Wingu, yule wa kijivu mnene mwenye manyoya mazito, alikuwa amejilaza ubavu kando ya ukuta, koo linapiga haraka haraka, na ile nyama ya kichwani ambayo huwa nyekundu ya kung'aa imepauka. Aliyekuwa anachakura kama kawaida ni Kishingo peke yake. Wageni huwa wanamhurumia kwa shingo yake tupu, kumbe siku ya joto shingo ile ndiyo dirisha lake.

Nilimbeba Wingu. Alikuwa mwepesi wa kubebeka kwa namna isiyopendeza, hakupiga hata bawa. Nikamsimamisha ndani ya beseni la maji ya bomba, yakamfika juu ya miguu, nikamfuta kwa kitambaa kibichi kichwani na zile ndevu za chini ya mdomo, maana hapo damu hupita karibu na ngozi na joto hutokea hapo. Sikutia barafu. Kuku aliyezidiwa na joto ukimtumbukiza ghafla kwenye maji ya barafu unaweza kumwua kwa mshtuko. Nilichovya kidole nikamgusisha ubavuni mwa mdomo, tone moja moja, alambe mwenyewe. Kope la kuku hupanda kutoka chini, sijui kama mmewahi kulitazama. Lake lilikuwa linapanda, linakaa, linashuka nusu, linapanda tena. Nilikaa nikilihesabu. Baada ya dakika kama ishirini mdomo ulifunga, na akanidonoa kifungo cha shati. Nililia kidogo hapo.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake akiwa mzima uko nyuzi 41 hadi 42, joto ambalo kwa binadamu ni homa ya kukimbizwa hospitali. Hewa ikishapanda mno, njia kubwa inayomsalia ya kujipoza ni kutweta, na kila pumzi inayotoka inaondoka na maji. Kwa hiyo saa anazohitaji maji mara mbili au zaidi ya siku zote, ndizo saa ambazo yangu yalikuwa ya moto na hayatamaniki. Tena akitweta sana anatoa hewa ya ukaa kupita kiasi, damu inabadilika, na ganda la yai linakosa kinacholijenga. Lile yai lililobonyea mkononi mwangu wiki iliyopita, nililoliandikia hapa na kulaumu chakula, naliomba radhi. Lilikuwa linanieleza jambo.

Jioni ile nilifanya kosa lingine. Kwa hofu nilichukua mpira wa maji nikalowesha banda lote, sakafu na kuta. Baada ya nusu saa ndani palikuwa na fukuto, maranda yananuka, nao wanatweta kuliko mwanzo, kwa sababu pumzi haiwezi kutoa maji kwenye hewa iliyokwisha jaa maji. Mama mkwe alisimama mlangoni akanusa. "Toa haya yote," akasema. Tukayatoa. Yaani mimi nikayatoa, yeye akashika taa. Tukarudisha tabaka jembamba tu la maranda makavu, maana tabaka nene linashika joto kama blanketi.

Sasa niwaambie kilichotokea Jumatano.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama mkwe amehamishia kiti chake kando ya banda, chini ya mti. Si kwa kuniumbua, nimeapa kutolisoma hivyo. Alikuwa amefumba hata lile jicho zima. "Sikia," akaniambia. Nikasema sisikii kitu. "Kaa, usikie." Nikakaa, na mfuko wa kazini begani. Polepole nikaisikia, pumzi kavu ya haraka, kama mtu anayepuliza chai kwa siri. "Huyo yuko juu ya mayai," akasema. Ilikuwa kweli. Mweusi anaatamia, na kuku anayeatamia hatoki hata joto likizidi, anaweza kukaa pale mpaka azimie. Tangu siku ile tunamwinua mara tatu mchana anywe maji, anatulaani, anarudi.

Wiki iliyobaki ilikwenda hivyo. Sikujua kama ningefurahi, lakini nimefurahi. Tulikata upenyo mrefu chini ya paa na kuuwekea wavu, hewa ya moto ipate pa kutokea. Tulitandika nyasi kavu juu ya bati. Shuka la zamani tumelining'iniza upande wa jua la alasiri, hatua moja nje ya wavu ili upepo upite. Vyombo vya maji sasa ni vitatu, kila kimoja mahali pake, na ninapokuwa kazini yeye ndiye anayeita watoto: "Kivuli kimeondoka, hamisheni!" Mchana wanabadilisha maji na kutumbukiza chupa ya maji yaliyoganda. Udongo chini ya mti tunaulowesha kidogo, nje kabisa, nao wanajilaza humo na kujichimbia vishimo. Chakula nawapa alfajiri na tena jua likitua. Zamani niliwapa saa nne nikienda zangu, kumbe kusaga chakula nako kunazaa joto tumboni, na joto hilo lilikuwa linawafikia saa ileile ya jua kali.

Ijumaa alasiri nilikuwa naanua nguo. Mama mkwe yuko kitini, anaongea na dada yake kwa simu, ananipa mgongo. Nilikuwa ndio kwanza nimebadilisha maji, nao wamekuja wote kwa pamoja. Mnaijua ile sauti ya midomo ikigonga ukingo wa ndoo, halafu kimya wakiinua vichwa maji yateremke? Upande wa pili wa simu lazima aliulizwa anafanya nini.

"Nimekaa na kuku," akasema. Akasikiliza kidogo. "Wanakunywa tu."

Na ile "tu" aliivuta. Kiasi kilekile. Nimesimama na nguo mkononi, kibanio mdomoni, na ningeweza kuapa ni sauti ileile ya Jumanne, neno kwa neno, mvuto kwa mvuto. Safari hii alikuwa anatabasamu, niliona shavu lake kwa nyuma likipanda.

Sijamwuliza. Nimefika hadi kwenye mdomo wa swali mara mbili, leo mara moja nikimtia dawa ya jicho, kichwa chake mapajani mwangu. Nikashika kope, nikadondosha, nikahesabu pamoja naye. Nikaona bora niache. Huenda hivyo ndivyo asemavyo "tu", miaka yote, na mimi ndiye sikuwahi kumsikiliza sana. Huenda Jumanne aliniambia jambo, na Ijumaa akasema jingine kwa maneno yaleyale. Wingu ametaga leo, ganda gumu, nimeligonga mara tatu kwenye meza kwa ukucha ili nisikie.

Kifungua mimba wangu amepiga simu kutoka shuleni jioni hii. Aliuliza hali ya bibi, hali ya kuku, akauliza kama baba anapata usingizi mchana. Tukaongea dakika saba. Hakuomba chochote. Tangu aanze bweni hajawahi kupiga simu bila kuomba kitu, hata kiwe kalamu. Nimemwuliza kama kuna tatizo, akasema hakuna, mama, nilitaka tu kusikia sauti. Nitapiga kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama mlezi wa bweni atakubali kumwita.