Nilivyochora kanga kwenye ukuta wa banda la kuku, Toscana

Yule muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi nikimwona sokoni hadi leo naangalia pembeni. Nilimweleza vizuri: ukuta wa mawe, wa zamani, uko nje, nataka kuuchora. Akanibebesha ndoo ya rangi ya plastiki. "Ya nje hii, haiogopi mvua." Kwa bei ile ningekula nyama mwezi mzima.

Naishi Italia, Valtiberina ya Toscana, vilima vya kati ya Anghiari na Monterchi. Uchoraji nilijifunzia Dar, Msasani, kwa mafundi wa Tingatinga: hadibodi, rangi ya mafuta inayong'aa, chui wa madoa, basi. Huku maisha ya mchoraji ni kufungulia kuku, kupasua kuni, kugonga fremu, na Jumamosi kuwauzia watalii vipicha vidogo. Novemba usiniulize habari ya brashi, kila mtu yuko kwenye zeituni.

Nilichora jogoo mmoja mkubwa, mwekundu, watu wakasimamisha magari. Masika ilipofika, akavimba kama andazi. Kuta hizi hazina zege chini, unyevu unapanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta. Ukiuziba kwa plastiki, maji yanasukuma ngozi nzima. Jogoo alibanduka kuanzia miguuni, wiki hadi wiki, mpaka kikabaki kilemba peke yake kinaning'inia. Jirani yangu, mzee aliyekuwa mwashi, alikuwa anapita kila asubuhi kuangalia kimefika wapi. Hakusema neno. Siku kilemba kilipodondoka ndipo akasema: "Calce." Chokaa.

Chokaa! Mimi niliyekulia pwani, kwenye nyumba za mawe na chokaa ya matumbawe, naletewa habari ya chokaa na mzee wa Toscana.

Basi nikakwangua yote, nikapiga lipu ya kwanza, nzito, ya mchanga mkubwa, nikaiacha ikauke. Chokaa nunua ile iliyokwisha kuzimwa, laini kama mtindi, inauzwa kwenye ndoo. Iliyolala muda mrefu ndiyo bora. Ya unga wa kwenye mfuko waachie wajenzi wa ukuta. Na mtu akikwambia tia saruji kidogo "iwe imara", mshukuru, uendelee na kazi yako.

Utamu uko kwenye lipu ya juu. Unapaka nyembamba, kipande unachoweza kukichora siku hiyo hiyo tu, kisha unachora ingali mbichi, kwa rangi ya unga na maji matupu. Gundi huhitaji. Chokaa inapokauka inavuta hewa ukaa, inarudi kuwa jiwe, na rangi inabaki imefungwa humo. Nilianza alfajiri kabla jua halijaufikia ukuta, pampu ya maji mkononi.

Rangi zenyewe ni udongo. Ule wa njano wa Siena nilinunua kiasi, nyekundu sikununua kabisa. Niliutandaza udongo wa njano kwenye karai la chuma nikalisukuma kwenye tanuri la mkate moto ukiwa bado mkali. Nikachungulia: njano, chungwa, halafu kahawia nyekundu iliyoiva, ile wanayoiuza ghali kwenye vichupa. Nilifurahi hadi nikamwita mzee aje aone. Akasema mkate ungekuwa na faida zaidi.

Safari hii nikaamua kuchora kanga, maana wako huku pia, wanafugwa na kuliwa Jumapili. Mchoro niliuweka kwenye karatasi kubwa, nikatoboa mistari yote kwa sindano, nikaibana karatasi ukutani, nikaipigapiga kwa soksi yenye unga wa mkaa. Ukiondoa karatasi, vitone vimekaa kwenye lipu. Piero della Francesca, mchoraji mkubwa wa zamani aliyezaliwa hapo Sansepolcro, alitumia mbinu hii hii kule Arezzo, kwa hiyo niko kwenye kundi zuri. Tena kwa kanga, vitone vya ziada havimuudhi mtu! Mwanafunzi wa Tingatinga akipewa ndege wa madoadoa na soksi ya mkaa, atake nini tena?

Wamepita majira ya baridi na barafu, hakuna hata mmoja aliyebanduka. Nimewasugua kwa kitambaa kibichi mbele ya mashahidi.

Sasa mzee anataka Bikira Maria juu ya mlango wa zizi lake, joho la buluu. Nimemweleza kwamba buluu ya zamani haikupatana na chokaa mbichi, waliipaka juu ya lipu kavu, ndiyo maana makanisa mengi majoho yamepukutika. Ya kobalti inavumilia, ila bei yake inatisha. Nikamwambia tumvike udongo mwekundu. Akasema Maria wa namna hiyo hamfahamu. Tunabishana mpaka leo, na mafuta ya zeituni aliyoniahidi kama malipo ya awali bado yako kwake.