Basi wahi

Madaftari ya kidato cha tatu yako mbele yangu tangu saa mbili usiku na sijasahihisha hata moja. Wiki hii nimepokea barua ya kupandishwa daraja, posa ya mdogo wangu imeletwa nyumbani, na Jumatano tumemzika Prof. Yote hayo yamenipita. Kilichonikaba ni maneno matatu manne ya Aprili, sebuleni kwake Changanyikeni.

Mnajua hali ya macho yake. Presha ya macho ilishamnyang'anya kusoma, na sisi wanafunzi wake wa zamani kila tukifika Dar tulipita kumsomea. Siku ile alitaka The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare, sehemu ya hukumu. Nikasoma. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya Morogoro, basi la saa kumi na moja, na foleni ya kwenda stendi ya Mbezi haina huruma. Nikawa naibia kutazama saa ya ukutani. Nilijiambia haoni.

"Binti, unasoma kama mtu anayewahi basi."

"Hapana, Prof."

"Basi wahi. Kitabu hakiondoki."

Nikafunga kitabu, nikaaga. Tulikuwa tumefika pale Shylock, mkopeshaji anayemdai Antonio ratili ya nyama ya mwili wake, anaponoa kisu kwenye soli ya kiatu chake, mbele ya mahakama nzima, na Antonio ameshakubali kufa. Portia, atakayemwokoa, bado hajaingia. Kurasa mbili tu mbele angeingia. Mimi nikamwacha mzee pale, na kisu kinanolewa.

Nimeyarudia maneno yale kwenye daladala, jikoni, hata kanisani wakati wa kumuaga. "Basi wahi." Mara nayasikia kama ya mtu aliyechoka nami. Mara nasikia kicheko ndani yake. Sijui lipi ni kweli kwa sababu sikumtazama usoni. Nilikuwa nimeinama navaa viatu. Na linalonichoma kuliko yote ni lile "hapana" langu. Ningesema "ndiyo, nachelewa, shikamoo, nitarudi," angenipa baraka zake. Nilimdanganya mtu aliyenifundisha kusikiliza sauti za watu.

Kwenye wasifu wa marehemu zilisomwa shahada zake na kamati alizokaa. Halikusomwa lile la Yombo, ukumbi wa mihadhara pale chuo kikuu, mwaka wetu wa kwanza. Aliingia na chaki, akaandika majina mawili ubaoni, la Shakespeare na chini yake la tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, 1969. Akauliza, nani amekosea? Tukajibu upesi, mfasiri! Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja, mabepari wametoka wapi? Hakubisha. Alitutuma kwenye vimbweta, vile viti vya zege vya nje, tukatafute, mle ndani, nani hatafuti mali. Shylock anadai riba, sawa. Lakini Bassanio, rafiki wa Antonio, anapokwenda kuposa, je, utajiri wa Portia haumo kichwani mwake? Na Antonio anayekopesha bila riba, meli zake ziko baharini zinafuata nini? Tuligombana mpaka mlinzi akatufukuza usiku. Tuliporudi darasani hakuna aliyethubutu tena kusema bepari ni Shylock peke yake. Ndipo alipotukumbusha kwamba Azimio la Arusha, lile la Ujamaa, lilikuwa la 1967, na aliyelitangaza ndiye aliyekalia tafsiri ile. Wingi ule haukuwa bahati mbaya. Mpaka leo nikianza kitabu na wanafunzi wangu, kipindi kizima cha kwanza ni cha jina la kitabu.

Jumatano baada ya mazishi nilimfuata Mama, mke wa Prof, jikoni, nikamweleza yote, la saa, la viatu, la kisu. Nilikuwa nalia. Akaniangalia, akasema, "Siku ile? Mbona ulipotoka tu alianza mwenyewe!"

Kumbe aliiendeleza hukumu kwa kichwa, kwa Kiswahili cha Mwalimu, na pale alipokwama akatia maneno yake. Mama alikuwa anachambua mchele. Prof akawa Shylock, akawa Antonio, na Portia alipoingia akamtolea sauti nyembamba mpaka Mama akaangusha ungo. "Miaka yote namsikia na huyo Shylock wake, mwenzangu, sikuwahi kujua kumbe anashindwa! Ratili ya nyama achukue, lakini damu isidondoke hata tone!" Akanisimulia kesi nzima kama jambo lililotokea mtaa wa pili, mikono ina povu la sabuni, na mimi nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akina mama wengine wakageuka kututazama. Mama akaendelea tu.

Sasa nikimfikiria, simwoni tena amekaa anasubiri. Namwona kwenye kiti kile anabadilisha sauti, mchele umetapakaa sakafuni. "Hapana, Prof" bado ipo. Nadhani hiyo nitakaa nayo.

Fundi wa paa hapokei simu tangu Jumatatu. Hela ya mabati alishachukua yote, na jioni hii wingu limekaa Uluguru, jeusi tii.