Ukuta wa kanga: nilivyomshawishi mwenye jengo atenge fungu la sanaa

Jengo letu la ghorofa nane pale Kijitonyama, Dar es Salaam, lilikuwa limefika ghorofa ya tano nilipomwambia mzee mwenye mali kwamba ukuta wa barabarani, mita kumi na mbili kwa mbili na nusu, nataka apewe msanii. Aliniangalia kana kwamba nimemletea kadi ya mchango wa harusi. "Binti yangu, rangi si tumeshanunua?"

Nilianza vibaya. Nikamtajia Philadelphia, ambako tangu 1959 anayejenga kwenye ardhi ya mamlaka ya uendelezaji ya jiji hutakiwa kutenga asilimia moja ya gharama kwa ajili ya sanaa. Nikaongeza Ufaransa, walioanza na shule mwaka 1951. Akanijibu kwamba yeye hajengi Philadelphia, na kikao kikaishia hapo.

Siku ya pili nikaja kivingine. Nikamuuliza, ukimwelekeza mgeni Posta unamwambiaje? "Ashuke pale Askari." Basi, sanamu ile ya shaba imesimama pale tangu 1927, na mtu anayekwenda duka la jirani bado anaelekezwa kwa Askari. Mzee akachezea funguo za gari, hakusema kitu. Kesho yake akampigia simu mkadiriaji majenzi: nusu ya asilimia moja, iandikwe mstari wake peke yake kwenye mchanganuo wa gharama. Mstari ule ndio ulioniokoa, maana hela isiyo na mstari wake huliwa na lifti.

Kosa lililofuata ni langu. Nilimchukua kijana anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, mkono wake mzuri sana, na yeye amezoea rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Plasta ilikuwa na siku tisa. Akaweka kiganja ukutani, akasema, "Dada, huu bado unatoka jasho. Tuuache mwezi." Mimi nilikuwa na tarehe ya mzee kuleta wageni wake, nikamwambia achore tu. Twiga wakatoka, ndege wakatoka, wageni wakapiga picha. Masika ilipoanza rangi ikavimba kama chapati kwenye kikaango. Ukibonyeza uvimbe unapasuka, ndani unga mweupe wa chumvi. Saruji mbichi ina ukali unaokula mafuta ya rangi, na hilo fundi rangi yeyote pale saiti angenieleza bure kama ningemuuliza. Kijana nilimlipa hela yake yote. Alishanionya.

Ikabaki nusu ya fungu. Fundi marumaru wetu ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza picha kwa vipande vya marumaru. Alipofika hakuuliza bajeti, aliuliza stoo iko wapi. Kulikuwa na maboksi ya mabaki ya vyooni na jikoni, meupe, meusi, bluu, na mekundu machache sana. Akaweka marumaru ndani ya gunia, akaligonga kwa nyundo mara tatu nne, akalifungua kama anayekagua samaki. Vipande vikubwa akavipunguza kwa koleo, kimoja kimoja, mpaka vikakaa.

Wazo la kanga lilikuwa lake: ukuta mzima uwe kanga moja iliyotandazwa, pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani ule msemo wa kanga, chini yake. Pindo na mji havikuleta shida. Jina ndilo lililotugombanisha wiki mbili. Mzee alitaka jina la jengo na namba ya simu ya kupangisha. Mama akaweka koleo chini. "Baba, kanga yenye namba ya simu nani ataivaa?" Wanawake wanaouza chakula ng'ambo ya barabara wakaingilia, kila mmoja na jina lake, mengine siwezi kuyaandika hapa. Mwishowe tukakubaliana: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mzee akacheka mwenyewe, akasema wapangaji ndio wageni anaowapenda, wanaponesha kwelikweli. Namba ya simu ikaenda kwenye kibao getini.

Karatasi tuliandikiana mapema. Malipo mara tatu, ya kwanza asilimia 40 ili asinunue gundi na grauti kwa mkopo. Jina lake likae kwenye kona ya ukuta. Ukuta usipakwe rangi juu wala kubomolewa bila yeye kuambiwa. Kitu kimoja nilisahau kumweleza, kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia. Alipoona malipo yamepungua asilimia 5 akadhani nimekula. Ilibidi nimkalishe na stakabadhi ya TRA mezani, na hata hivyo alinuna siku mbili.

Sasa kila baada ya masika napita na sarafu ya shilingi mia mbili, nagonga kipande kwa kipande. Kilichoshika vizuri kinalia kwa ukali, kilichoachia kinatoa sauti ya debe tupu. Mwaka huu vitatu vimeachia, vyote karibu na geti, ambapo bodaboda huegemeza pikipiki zao. Vya akiba nilikuwa nimeviweka kwenye ndoo chumba cha pampu. Nilipokwenda kuvichukua nikakuta mlinzi ameshasawazishia vyungu vya maua, na vile vyekundu vyote vimeisha.