Kantangaze yuko ndani ya jani: hesabu siku kwanza, bomba baadaye

Chuma jani la nyanya lenye baka, liinue ulitazame kwa mwanga wa jua. Kama baka ni jipya utaona ngozi mbili za jani, ya juu na ya chini, zimebaki nyembamba kama nailoni. Katikati yake kuna kiwavi mdogo mwenye kichwa cheusi anayechezesha mdomo huku na huku akila nyama ya jani, na kinyesi chake cheusi kimerundikana upande mmoja. Huyo ndiye kantangaze, nondo wa nyanya, anayejulikana zaidi kitaalamu kama Tuta absoluta ingawa siku hizi amehamishiwa jina la Phthorimaea absoluta. Pale alipo, katikati ya ngozi mbili, dawa nyingi zinazopigwa shambani hazimgusi.

Ndiyo maana mkulima anaweza kupiga dawa kila wiki na bado akavuna nyanya zilizotobolewa. Dawa yenyewe huenda haina kasoro, ila imepigwa siku ambayo mdudu yuko ndani ya nyumba yake na mlango ameufunga.

Asili yake ni Amerika Kusini. Wanasayansi walimwelezea mara ya kwanza mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Mwaka 2006 akaonekana Hispania, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Nondo huyu huruka, lakini safari zake ndefu husafirishwa na sisi wenyewe: kwenye matunda, kwenye miche, na kwenye makreti yanayozunguka kutoka shamba hadi soko na kurudi shambani bila kuoshwa.

Sasa siku zake. Nondo jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, moja moja, zaidi upande wa chini wa majani machanga, kwenye mashina laini na kwenye vijani vidogo vinavyoshika shingo ya tunda. Yai halifiki hata nusu milimita, rangi yake ni ya maziwa yaliyoelekea njano. Kwenye joto huanguliwa kwa siku 4 hadi 5. Kiwavi hupitia hatua nne, akianza na urefu wa milimita 1 hivi na kumaliza na karibu milimita 8, kwa takriban wiki mbili. Kisha hugeuka pupa, mara nyingi kwenye udongo chini ya mmea, mara nyingine ndani ya jani lenyewe, na baada ya siku 6 hadi 10 hivi, kutegemea joto, hutoka nondo mpya. Kwenye nyuzi joto 27 mzunguko mzima ni kama siku 24. Kwenye baridi ya nyuzi 14 unafika siku 76. Shamba la bondeni lenye joto na shamba la mlimani haliwezi kufuata ratiba moja ya dawa, na yeyote anayekuuzia ratiba moja kwa yote mawili hajamhesabu mdudu.

Katika siku zote hizo, dirisha zuri ni fupi: kiwavi akishatoka kwenye yai hutembea kidogo tu juu ya jani kabla ya kujichimbia. Dirisha la pili ni pale kiwavi mkubwa anapotoka jani moja kuhamia jingine au kushuka kwenye tunda, na hilo huwezi kulitabiri. La kwanza unaweza kulitabiri, kwa mtego.

Mtego wa maji unatosha. Chukua beseni pana, jaza maji, ongeza matone machache ya sabuni ya maji ili nondo azame, na mafuta kidogo ya kupikia ili maji yasikauke haraka. Ning'iniza kivutio chenye harufu ya jike sentimita 2 au 3 juu ya maji. Beseni liwe chini au juu kidogo ya ardhi wakati miche ni midogo. Mitego 2 hadi 4 kwa hekta inatosha kwa ufuatiliaji, na iwekwe kabla ya kuhamishia miche, si baada ya kuona mabaka. Kivutio kishikwe kwa glavu au kibano, kwa sababu harufu ikibaki mkononi utaigawa kwenye vitu vingine vyote utakavyogusa. Badilisha kila wiki 4 hadi 6 kama lebo inavyoelekeza, na vya akiba vikae kwenye friza.

Mtego huu hunasa madume peke yake. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakiona beseni limejaa wanadhani wamemaliza kazi. Dume mmoja hupanda majike wengi, na majike walioshapandwa huingia kutoka shamba la jirani, hivyo hata ukinasa madume mengi mayai yataendelea kutagwa. Soma beseni kama saa. Hesabu nondo siku zilezile kila wiki, andika, toa waliokufa. Idadi ikiruka ghafla, jua kwamba mayai yanatagwa siku hizo hizo, na kwenye joto viwavi wachanga wataanza kutembea juu ya majani ndani ya siku 5 hadi 7. Hiyo ndiyo wiki ya bomba.

Kabla ya kulibeba, kagua. Pita shamba kwa mstari wa kupindapinda, simama kwenye mimea 20 hivi, tazama majani ya juu, ya katikati, na shingo ya tunda changa. Usihesabu mabaka, hesabu viwavi walio hai. Baka la zamani hukauka likawa la kahawia na ndani halina mtu. Kupiga dawa kwa sababu ya mabaka matupu ni kumwaga pesa. Pia usimchanganye na inzi mchimba majani, yeye huchora njia nyembamba iliyopindapinda kama maandishi, wakati kantangaze hufanya baka pana lisilo na umbo. Kwenye tunda, tundu lake ni dogo kama la sindano na mara nyingi limefichwa chini ya vijani vya shingoni. Tundu kubwa la mviringo ni la funza wa matunda, na huyo ana habari zake.

Kuhusu dawa zenyewe. Pareto za viwandani, zile ambazo viambato vyake vinaishia na -thrini, pamoja na dawa za kundi la oganofosfeti, nashauri uziache kabisa kwa mdudu huyu. Usugu wake dhidi ya dawa hizo umethibitishwa sehemu nyingi, na huku zikimwacha yeye zinaua wadudu wanaokula mayai yake, kisha utitiri mwekundu unalipuka. Zinazofanya kazi ni kama klorantraniliproli, spinosadi, emamektini na indoksakabu, kila moja ikiwa kwenye kundi lake, yaani ina namna yake ya kumuua mdudu. Lakini nazo zina mwisho: usugu dhidi ya kundi la klorantraniliproli ulishajitokeza Italia, na dhidi ya spinosadi huko Brazili.

Kwa hiyo zungusha makundi, na uzungushe kwa kizazi. Tumia kundi moja ndani ya kizazi kimoja cha mdudu, tuseme mwezi mmoja kwenye joto, kisha mwezi unaofuata hamia kundi jingine kabisa. Ukibadilisha kila wiki, kizazi kilekile kinaonja kila sumu. Na kubadilisha jina la kwenye chupa si kubadilisha dawa. Chupa mbili zenye rangi na majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile. Soma maandishi madogo, tafuta kiambato hai na namba ya kundi. Ukikuta namba inafanana, umenunua kitu kimoja mara mbili.

Dawa ya bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis), aina ya kurstaki, ni nzuri sana kwa viwavi wachanga na haidhuru wadudu marafiki, ila lazima iliwe. Ipige jioni maana jua huiharibu, hakikisha inafika chini ya jani, na rudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu mayai hayaanguliwi siku moja. Kwa kiwavi mkubwa aliyeko ndani usiitegemee. Mafuta ya mwarobaini yaliyotengenezwa vizuri yanafaa kuingia kwenye mzunguko huohuo.

Kipimo kimewaponza wengi kuliko uchaguzi wa dawa. Kifuniko cha chupa si kipimo. Pima kwanza eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu kwenye bomba, piga kwa mwendo wako wa kawaida, uone umetumia kiasi gani. Mfano, ukitumia lita 5, ekari moja itameza kama lita 200, yaani mabomba 12 na nusu ya lita 16. Lebo ikisema mililita 80 kwa ekari, basi kila bomba linapata mililita 6.4, upime kwa bomba la sindano. Nyanya zikikua maji yanaongezeka, rudia kupima. Elekeza nozeli kutoka chini kwenda juu, kwani mayai yako chini ya jani. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Matunda yale huliwa mabichi kwenye kachumbari, na wanaoyala ni watoto pia.

Usafi ndio unaopunguza idadi ya mabomba. Kila unapopogolea machipukizi, toa na majani yenye viwavi, usiyaangushe kwenye matuta kwani kiwavi atashuka na kujizika palepale kuwa pupa. Yatie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, funga mdomo, weka juani hadi yaive. Matunda yaliyotobolewa nayo vivyo hivyo, na kamwe yasiachwe pembeni mwa shamba yakioza. Mnavu, ndulele na mnanaha zing'olewe mpakani, maana mdudu hujihifadhi humo nyanya zikiisha. Viazi mviringo na biringanya ni ndugu zake nyanya, havifai kuwa zao la kupokezana. Panda mahindi, maharage, vitunguu au kabichi.

Miche ilelewe ndani ya chandarua chenye matundu madogo, angalau nyuzi 6 kwa 9 kwa kila sentimita ya mraba, kingo zikafukiwa udongoni. Kagua kila mche kabla ya kuuhamisha, jani kwa jani, na wenye baka uutupe bila huruma.

Mavuno ya mwisho yakitoka, mabua yang'olewe ndani ya siku hizohizo na kufukiwa kwa kina au kuchomwa, kisha shamba lipumzike bila nyanya wala jamaa zake kwa wiki 6 angalau, ili nondo watakaotoka kwenye pupa za udongoni wasikute pa kutagia. Wiki hizo ongea na jirani yako naye ang'oe, maana mabua yake yakibaki yamesimama, nondo watakaotoka humo wataishia kwenye miche yako mipya.