Jasho la saa nane usiku
Jamani, tangu hedhi ilipokoma naamka saa nane usiku nimelowa chapachapa, Moshi hii hii yenye baridi ya Julai! Nikadhani malaria, kipimo kikakataa. Daktari akanieleza kuwa homoni ya estrojeni imeshuka, na ndiyo iliyokuwa ikisaidia kulinda mifupa. Basi dagaa sasa nawala na vichwa vyao, kwa ajili ya kalsiamu. Soda nimeacha (mbege ya harusini tusiulizane). Bodaboda nayo nimepunguza: kutoka soko la Mbuyuni napanda kwa miguu, kikapu mkononi. Magoti yalilalamika wiki mbili nzima. Jasho bado lipo, ila usingizi umerudi. Mama mkwe, miaka 81, bado anakata majani ya ng'ombe. Nikimtajia estrojeni anacheka tu.