Saa 2.10, Coco Beach

Ujumbe uliingia Jumatano asubuhi, tarehe 11 Agosti 2021: "Jana saa 2.10 Coco Beach taa kubwa imesimama juu ya bahari, nyingine mbili zimetoka kwake zikaja mjini, moja ikageuka kijani ikazimika. Redio imekoroma. Video ninayo." Mwandishi wake alikuwa kijana anayemsaidia shangazi yake kuuza mihogo ya kukaanga pale ufukweni.

Tulikuwa watatu tuliokuwa tukifuatilia habari za namna hii jijini, bila ofisi wala mshahara. Mmoja wetu aliweka kipokezi cha mawimbi ya ndege kwenye paa la nyumba yao Mikocheni. Ni kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambacho watu waligundua kinasikia pia megahezi 1090, masafa ambayo ndege hutangazia namba yake, kimo na mahali ilipo. Antena yake ni waya wa shaba wa sentimita 6.9 tu, robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Kinachowaangusha wengi ni kuuacha ukutani, nyuma ya tanki la maji. Mawimbi haya hunyooka kama mwanga, kwa hiyo tanki linaficha upande mzima wa anga, na mwenye kipokezi hatajua amekosa nini.

Basi mwenzetu akafungua kumbukumbu za kipokezi, akatafuta 02:10, akakuta patupu. Jioni alikuwa ameshatuandikia kwa herufi kubwa: HAKUNA NDEGE. Mimi mwenyewe nilisisimka, sikatai.

Kosa lilikuwa letu na lilikuwa mara mbili. Kijana aliandika saa kwa Kiswahili, yaani saa mbili na dakika kumi usiku, ambayo kwa saa ishirini na nne ni 20:10. Halafu kompyuta ya kipokezi iliandika kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Tulipaswa kutazama 17:10. Ile 02:10 tuliyoikuta tupu ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, wakati mama wa mihogo bado amelala. Tangu siku hiyo fomu yetu ina visanduku vinne vya muda: saa kama shahidi alivyoitamka, saa ishirini na nne, UTC, na shahidi ameijuaje saa hiyo. Kisanduku cha nne ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Jumamosi tarehe 14 tukaenda Coco mapema, kabla jua halijazama. Tulikubaliana kutotamka neno UFO, yaani kitu cha angani kisichotambulika, wala "kisahani", na kumhoji kila mtu peke yake. Mashahidi wakishakaa pamoja nusu saa, kumbukumbu zao huchanganyika kama maji na maziwa, na hakuna atakayezitenganisha tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nyinyi ndio wa zile taa?"

Kabla hajaeleza chochote tulimpa karatasi na kalamu achore. Akachora bahari, kibanda chake, taa kubwa na mbili ndogo. Ndipo tukauliza ameijuaje saa. Alisema Isha ilikuwa imeshaadhiniwa na alikuwa kwenye karai la tatu tangu adhana. Muda huo Isha huadhiniwa saa moja na nusu na ushei, na karai moja la mihogo yake, tulipopima kwa saa, lilichukua dakika kumi na mbili pamoja na kuchuja mafuta. Hesabu ikakaa jirani kabisa na saa mbili na dakika kumi. Alipoulizwa taa ndogo zilining'inia muda gani kabla ya kusogea, akasema, "Nusu saa nzima." Tukamwomba ageuze mihogo kama alivyogeuza siku ile, akiwaza tukio, aseme "basi" pale zilipoanza kwenda. Akasema basi kwenye dakika ya tano na sekunde kadhaa. Sikumwona mwongo. Mtu anayeshangaa hana saa kichwani, na kila anayehoji watu wa taa za angani atakutana na nusu saa za dakika tano.

Kisha tukamwomba asimame pale pale alipokuwa siku ile na anyooshe kidole, sisi tusome dira. Hapo tukapata kioja kingine. Sindano ya dira ilikwenda kushoto, ikarudi, ikagoma. Kijana akaruka: "Mnaona? Hata dira yenu!" Habari za visahani zimejaa dira zilizochanganyikiwa, kwa hiyo nilielewa furaha yake. Lakini hatua moja kutoka pale palikuwa na jiko la chuma, karai, na mtungi wa gesi. Tukasogea hatua kumi kuelekea majini, sindano ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Juu ya paa la zege ni hivyohivyo, nondo zinaivuta sindano nyuzi kumi au zaidi bila wewe kujua.

Mkono wake ulielekea nyuzi 100 hivi, yaani mashariki na kidogo kusini. Kimo tulikipima kwa kifaa cha shilingi mia chache: kipimapembe cha plastiki kutoka kwenye mkebe wa shule, mrija wa soda uliobandikwa kwenye ukingo wake ulionyooka, na uzi wenye nati ukining'inia kutoka tundu la katikati. Unachungulia kwenye mrija, mwenzako anasoma uzi umekata wapi, unatoa kutoka tisini. Mama alikuwa amesema taa ilikuwa "juu, katikati ya mbingu". Uzi ulisema nyuzi 17. Hilo nalo ni la kawaida. Karibu kila mtu huona vitu vya angani viko juu kuliko vilivyo. Asiye na kipimapembe anyooshe mkono na kukunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi kumi.

Nyuzi 17 ziliondoa jambo moja papo hapo. Tarehe 10 mwezi ulikuwa mchanga, siku mbili tu, na usiku wa giza wavuvi wa dagaa mcheli hutoka na taa zao. Wapo wanaowadhania mambo makubwa wakiwaona kwa mbali. Lakini macho yakiwa mita nne juu ya maji, upeo wa bahari uko kilomita 7 tu, na taa ya mashua iliyo kwenye upeo haipandi juu ya upeo. Inakaa kwenye nyuzi sifuri. Mvuvi hawezi kufika nyuzi 17 labda apae yeye mwenyewe na mtumbwi wake.

Treni za Starlink, zile setilaiti za intaneti zinazopita angani kwa msururu, nazo tulizifikiria, maana tangu Mei 2019, zilipoanza kurushwa kwa mafungu ya sitini, zimewatoa watu wengi nje ya nyumba. Ila setilaiti haisimami, haikati kona, na haigeuki kijani.

Iliyobaki ilikuwa ni kuikatakata habari. Naona hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaoamini na wanaobeza pia: wanataka jibu moja kwa usiku mzima. Shahidi ametoa mambo matano (taa iliyosimama, taa mbili zilizokuja, kijani, redio, video), na kila moja lina haki ya kuulizwa peke yake.

Taa iliyosimama tuliijaribu kwa njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakulazimisha kutabiri kabla ya kuona. Kama ni nyota au sayari, itarudi mahali palepale kila siku, ikiwahi kama dakika nne. Kutoka tarehe 10 hadi 14 ni siku nne, kwa hiyo itakaa pale alipoonyesha mama saa mbili kasoro dakika sita hivi. Tulichomeka mti mmoja mchangani pale aliposimama, wa pili mita tatu mbele ukiwa mrefu zaidi, tukafunga mshipi wa kuvulia kutoka ncha hadi ncha ukifuata kidole chake. Kisha tukala mihogo. Pilipili yake ilikuwa ya kutoa machozi, na nasisitiza kwamba machozi hayana uhusiano na uchunguzi.

Ilipofika saa mbili kasoro dakika kumi mama aliinama, akachungulia kwenye mshipi.

"Si ndiyo hiyo! Mbona imerudi?"

Ilikuwa Mshtarii. Mwezi ule sayari hiyo ilikuwa inakaribia kuwa mkabala na jua, jambo lililotimia kuelekea tarehe 20, na umbali wake kutoka kwetu ulikuwa kama kilomita milioni 600, karibu kabisa kwa kawaida yake. Baada ya magharibi ilikuwa ikichomoza juu ya bahari, inang'aa kushinda nyota zote, na Zohali iko juu yake, hafifu. Ukiikazia macho kwenye anga jeusi lisilo na kitu cha kulinganishia, itaanza kutangatanga, maana macho yenyewe hayatulii. Tuliwaonyesha dawa yake: iweke sayari kwenye ncha ya nguzo ya kibanda, uone kama bado inacheza.

Zile mbili zilizokuja ziliwekwa wazi na kipokezi cha Mikocheni, safari hii tukisoma 17:10. Palikuwa na ndege mbili, zimepishana dakika chache, zote zikitua kutoka upande wa baharini. Njia kuu ya kurukia na kutua ndege ya uwanja wa Julius Nyerere imelala kaskazini mashariki kwa kusini magharibi, na pande zake mbili huitwa 05 na 23. Upepo wa kusi ukivuma, ndege inayotua kwenye 23 huja kutoka baharini na kupita mashariki ya Coco ikielekea mjini. Tulichora kwenye grafu. Ndege ikiwa kilomita 60 kutoka uwanjani, mtu wa Coco anaiona kwenye nyuzi 55 hivi za dira. Ikiwa kilomita 30, iko nyuzi 63. Yaani kwa dakika tano hivi imekimbia nusu ya safari yake, na machoni imesogea kwa ngumi moja pungufu, taa zake za kutua zikimlenga mtazamaji. Hapo huonekana imesimama. Halafu kutoka kilomita 20 hadi 15, ambako ni kama dakika moja, inaruka kutoka nyuzi 82 hadi 127. Inapita chini ya Mshtarii, inakwenda mjini. Kumbukumbu ilionyesha futi 3,400 ilipokuwa kilomita 20, ambazo ni mita elfu moja na kidogo, kimo kinachotakiwa kwa mteremko wa nyuzi tatu.

Kijani ndicho kilichonifurahisha. Taa za kutua zina mwali mwembamba, na ndege ikishakupa ubavu mwali huo unakuacha ghafla, ndiyo maana "ikazimika". Kinachobaki ni taa za mabawa: nyekundu kushoto, kijani kulia. Ndege inayokwenda kusini magharibi huku wewe uko magharibi yake, bawa linalokuelekea ni la kulia. Mama asingeweza kubuni rangi sahihi. Nilimwambia hivyo, akacheka: "Sasa ningebuni ili iweje?"

Sauti? Ndege ilipita kilomita nne kutoka kibandani, mawimbi yanapiga mchangani na mafuta yanachemka.

Redio ilikuwa inapokea stesheni ya Zanzibar, mawimbi dhaifu. Ndege ikipita, sehemu ya mawimbi hugonga bodi lake na kukufikia kwa njia ndefu zaidi. Kwa kuwa ndege inasogea, mawimbi mawili mara hushirikiana, mara hufutana, na redio inakoroma kwa kupumua. Wenye umri wangu wanakumbuka picha ya televisheni ya antena ikitikisika ndege ikipita Kipawa. Tulikaa kusikiliza, na ndege ya saa mbili na robo ikaikoromesha tena.

Video ilikuwa na nukta ya kijani inayocheza, na kijana aliamini ndiyo ile taa. Haikuwa. Tulimwomba aitume kama faili kamili, kwa sababu WhatsApp ikituma kama video ya kawaida huibana na kufuta taarifa za ndani. Tukaisimamisha, tukachora mistari miwili kutoka kona hadi kona kupata kitovu, kisha mstari kutoka balbu ya kibanda kupita kitovuni. Ukaangukia juu ya nukta. Simu ikienda kulia, balbu inakwenda kushoto ya picha na nukta inakwenda kulia, daima mkabala. Ni mwanga wa balbu uliogongana ndani ya lenzi.

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza alituuliza kama na ile ya Kilimanjaro ya Februari 1951, iliyoonwa na watu wa ndege ya East African Airways, tutasema ni mihogo. Tulimjibu kwamba ile hatukuwepo na mti mchangani hatukuchomeka. Wamarekani wenyewe, katika mradi wao wa kuchunguza mambo haya, Blue Book, uliofungwa 1969, walikusanya ripoti 12,618 na 701 zikabaki bila jina. Sioni aibu katika 701.

Sisi pia tulibakiwa na moja. Dereva wa bajaji aliyekuwa ameegesha barabarani alisema usiku huohuo, "kabla au baada", aliona mmweko mmoja wa buluu, "kule". Kule wapi? Akazungusha mkono kutoka Msasani hadi Aga Khan. Ofisi ya Ufaransa inayochunguza mambo haya, GEIPAN, huyapa herufi: A na B yaliyoelezeka, D yaliyochunguzwa vizuri yakagoma, na C yale ambayo taarifa hazitoshi. Watu wanapenda kupandisha C ziwe D. Tuliandika C, dereva akapata abiria wa Kinondoni, akawasha bajaji akaondoka. Visanduku vyake vinne vya muda vilibaki vyeupe.